Mgeni Asiye na Anwani

Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki aendaye kusoma Ufaransa huagwa kwa nasaha nyingi. Huambiwa achukue koti zito, kwani baridi ya huko haina huruma; huambiwa ajihadhari na mvinyo; huambiwa asisahau kwao. Nasaha hizo ni njema, wala hapana haja ya kuzibeza. Walakini zote hupita kando ya jambo litakalomnyima usingizi wiki ya kwanza. Mwezi wa Septemba mjini Montpellier koti lile hubaki sandukuni, maana jua la kusini bado ni kali. Kinachomliza mgeni ni karatasi.

Montpellier umetajwa kwa makusudi. Ni mji ambao sifa yake ya elimu ilijengwa na wageni. Mwaka 1181 mtawala wake, Guilhem VIII, alitoa amri kwamba mtu yeyote, atokako kote, aweza kufundisha uganga katika mji huo bila kuzuiwa. Mwaka 1220 shule ile ya uganga ilipewa kanuni zake, na hata leo kitivo chake chahesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote vya Magharibi vinavyofundisha bado. Haikuwa huruma, ilikuwa akili ya mji wa biashara uliojua kuwa elimu huja na miguu ya mgeni.

Sasa na atazamwe mgeni wa leo. Ashuka na sanduku lake, afikia kwa siku chache katika chumba cha kupanga kwa usiku, kisha aanza kutafuta makazi. Vyumba vya mabweni ya serikali, ambavyo vingi vina mita tisa za mraba, havitoshi wote waviombao. Basi aenda kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ataka mdhamini akaaye Ufaransa, na aghalabu ataka pato la mdhamini huyo liwe mara tatu ya kodi. Mjomba mwenye mashamba ya kahawa Kilimanjaro hafai. Ataka pia akaunti ya benki ya Ufaransa. Mgeni aenda benki. Karani, kwa adabu kamili, amwomba hati ya kuthibitisha makazi. Makazi yataka benki, benki yataka makazi. Viza yake nayo yapasa kuthibitishwa katika miezi mitatu tangu aingie nchini, na fomu ya kuithibitisha yauliza anwani. Bima ya afya, ambayo ni haki yake bila malipo, yadai cheti cha kuzaliwa, na mara nyingi tafsiri yake iliyofanywa na mfasiri aliyekula kiapo.

Kichekesho cha mwisho ki katika tramu. Tangu tarehe 21 Desemba 2023, wakazi wa Montpellier na vitongoji vyake husafiri bure katika tramu na mabasi ya mji. Ni sheria ya kusifiwa. Lakini kadi ya kusafiri bure hupewa aliyethibitisha kuwa ni mkazi. Hivyo profesa mwenye nyumba na mshahara hapandi kwa nauli, na kijana anayezunguka mji mzima akitafuta chumba hulipa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko mgeni hulililia jembe lenyewe, akaambiwa alete kwanza hati ya shamba.

Wako wasemao kuwa taabu hiyo ni mafunzo. Kwamba kijana hupevuka kwa kuhangaika, na asiyeweza kujaza fomu hastahili shahada. Hoja hii hupendwa sana na watu waliokwisha kupata vyumba. Ina kasoro iliyo wazi. Taabu ya kusoma hisabati humwachia mtu hisabati. Taabu ya kurudi dirisha lile lile mara nne humwachia deni la malazi na mihadhara aliyoikosa. Na fedha inayoyeyuka katika siku hizo si yake peke yake. Ni ng'ombe wa baba, ni mkopo wa mama katika chama cha akiba, ni mchango wa ukoo. Viza yamruhusu kufanya kazi saa 964 kwa mwaka. Lakini mwajiri naye ataka kulipa mshahara katika akaunti ya benki.

Serikali ya Ufaransa haiwezi kusema haina habari. Novemba 2018 ilitangaza mpango ulioitwa karibu Ufaransa, na katika mpango huo huo ikapandisha ada ya wanafunzi watokao nje ya Ulaya. Mwaka 2019, mwenyeji alipolipa euro 170 kwa mwaka wa shahada ya kwanza na euro 243 kwa uzamili, mgeni aliwekewa 2,770 na 3,770. Vyuo vikuu vingi viliona aibu vikawasamehe wageni tofauti hiyo. Ni ukarimu wa namna ya pekee, wa kumkaribisha mtu kwa kumwongezea bei mlangoni.

Hata hivyo haki yataka isemwe kuwa milango ipo. Iko dhamana iitwayo Visale, isiyotozwa kitu, ambayo humsimamia mwanafunzi asiye na mdhamini, ingawa mwenye nyumba hakulazimishwa kuikubali. Iko sheria impayo mkazi aliyekataliwa na benki haki ya kwenda Banque de France, nayo ikateua benki itakayolazimika kumfungulia akaunti. Iko pia barua ya mtu ampaye mgeni malazi nyumbani kwake, ambayo benki nyingi huipokea kama uthibitisho wa makazi.

Nani basi ayajua haya? Anayajua aliyetangulia, na hapa ndipo lawama inapovuka bahari na kurudi nyumbani. Aliyetangulia akirudi likizo Nairobi, Bujumbura au Dar es Salaam huonyesha picha za Mnara wa Eiffel, ingawa kutoka Montpellier mpaka mnara huo ni zaidi ya saa tatu kwa garimoshi la kasi, na pengine aliuona mara moja tu. Hasemi kwamba wiki tatu za kwanza alilala sakafuni kwa rafiki. Aona kuwa kusema hivyo ni kujivunjia heshima mbele ya ukoo uliochanga. Kwa hiyo kijana wa mwaka ufuatao hupanda ndege na koti zito, bila tafsiri ya cheti chake cha kuzaliwa, bila kuomba Visale baada ya kupata viza, bila jina la mtu mmoja wa kumwandikia barua ya malazi. Na vyuo vya nyumbani, vinavyofanya sherehe wanafunzi wao wapatapo nafasi Ulaya, havijawaomba waliorudi saa moja ya kuwaeleza waendao.