Moto ukigeuzwa baridi, nyasi zitaungua?

Nimepotea kidogo, kazi za chumba cha habari zimenibana kweli kweli. Leo naweka siasa pembeni niwasimulie ugomvi uliozuka Jumamosi hapa Musoma, tukicheza Dungeons & Dragons.

Kwa wasioujua, ni mchezo wa kusimulia uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mtu ana mhusika wake, msimamizi anaisimulia dunia yenyewe, na dadu zinaamua nani kapona.

Mshikaji wetu anayepanda basi kutoka Bunda kuja kucheza ana mhusika mchawi. Silaha yake kubwa ni Fireball: mpira wa moto unaolipuka na kuenea futi 20 kila upande, unaumiza kwa dadu 8, tena unawasha kila kitu kinachoshika moto ambacho hakuna aliyekivaa wala kukibeba. Kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything cha mwaka 2020 kinamruhusu mchawi wa aina yake kubadili aina ya madhara: moto uwe baridi, radi, tindikali au sumu. Basi akaugeuza kuwa baridi. Tatizo, tulikuwa ndani ya ghala lililojaa nyasi kavu.

Akadai nyasi ziwake! Hoja yake: kanuni inabadili aina ya maumivu tu, mengine yanabaki kama yalivyoandikwa. Dada yetu wa Butiama, ambaye ndiye msimamizi, akauliza, "Kaka, baridi gani hiyo inayowasha nyasi?" Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Tuseme ukweli, kwa herufi za kitabu mshikaji ana haki. Lakini mimi nipo na dada, na sababu yangu naitoa ziwani.

Nimekulia jirani na mwalo. Enzi hizo dagaa walivuliwa kwa karabai, usiku wa giza usio na mbalamwezi. Siku hizi mitumbwi mingi inatumia taa za LED za betri zinazochajiwa kwa sola. Ukiandika kwenye karatasi, kilichobadilika ni nishati tu. Mwanga ni ule ule, dagaa wanaufuata vile vile.

Muulize mvuvi sasa. Karabai ilimpasha mikono joto, na ilimuunguza. Kioo chake kikirukiwa na maji kilipasuka. Bajeti ya mwaka 2011 ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, mvuvi ambaye hakuchakachua kitu naye aliumia. Taa ya betri haina hayo, ila ina yake: betri nyingi zina risasi na tindikali ndani, na zikifa lazima ziende mahali.

Na yupo mama yangu mdogo. Alikuwa akiuza mafuta ya taa kwa kipimo pale mwaloni, na kwa hela hiyo nililipiwa ada ya sekondari. Hakuna aliyemfukuza. Wateja walipungua, mpaka siku moja hakufungua. Sililii karabai, taa mpya ni nafuu na ni salama zaidi. Nasema tu kwamba yeye hakuwemo kwenye hesabu ya mtu yeyote, kwa sababu kila mtu alidhani kinachobadilika ni taa.

Hata Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alilijua hili. Alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969 ikatoka kwa jina la Mabepari wa Venisi. Hadithi ni ile ile, lakini miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha neno "mabepari" lilikuwa na ukali wake. Alibadili lugha, na vinavyoambatana na lugha vikabadilika pia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ukibadili nishati ya uchawi, madhara ya pembeni yaifuate nishati mpya. Nyasi zisiwake, ila mchawi asinyang'anywe bure: maji ya kwenye pipa yagande, sakafu iteleze kwa zamu moja. Vivyo hivyo kwa Ray of Frost, inayompunguzia adui mwendo. Ukiigeuza moto, kwa nini bado apunguze mwendo kama aliyeganda?

Najua wapo watakaosema herufi za kitabu zinamlinda mchezaji dhidi ya msimamizi mwenye kiburi. Hoja hiyo naiheshimu. Dawa yake ni kukubaliana kabla dadu hazijatupwa: tunabadilisha hiki, je, na kile kilichoambatana nacho kinakwenda wapi?

Jumamosi tulikubaliana nyasi zisiungue. Mshikaji alinuna mpaka muda wa basi la Bunda. Mimi nilipita kwa mama mdogo kumsalimia. Siku hizi anauza vocha na kuchaji simu, kwa sola.

Wewe ungeamuaje?