Kodi ya Chumba na Shamba la Chamazi

Wasomaji wapenzi, ninyi mlio vijijini na watoto wenu wamepanga vyumba hapa Igoma, habari ya leo ni yenu.

Juzi alifika ofisini petu mama mmoja mwenye umri wa mama yangu, ameuza mbuzi wawili ili mwanawe alipiwe kodi ya miezi sita. Akaniuliza, “Mwalimu, mtu atalipa kodi mpaka lini?” (Huniita mwalimu, ijapokuwa siku hizi kazi yangu ni kushika vitabu vya parokia.) Sikuwa na jibu. Baadaye nikawakumbuka watu wa Kurasini.

Kurasini iko Dar es Salaam, karibu na bandari. Yapata mwaka 2007 Serikali ilitaka ardhi ya kupanua bandari, watu wakaambiwa wahame. Mwenye nyumba alikuwa na cha kudai. Lakini mpangaji je? Yeye hubeba godoro lake na sufuria zake, basi.

Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba, vikundi vilivyoungana na vya miji mingine kuwa shirikisho la maskini wa mijini. Shirika moja lisilotafuta faida, Centre for Community Initiatives, lilikuwa likiwasaidia. Wakanunua ekari 30 huko Chamazi kwa shilingi milioni 24. Piga hesabu, msomaji: ni shilingi 800,000 kwa ekari. Fedha hizo mtu mmoja wa kupanga hana, bali wengi waliweza.

Lakini kununua shamba si kupata kiwanja, na hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Ilibidi Manispaa ya Temeke iwe upande wao. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Ukigawa viwanja vya mita 400, kama ilivyokuwa desturi, utapata kumi tu, na bado hujaacha njia. Basi wakaomba viwanja vidogo zaidi, ili kila jamaa apate pake, na wakuu wakakubali. Shirika halina mamlaka ya kuruhusu jambo hilo. Halmashauri nayo haikuwa na akiba ya wale akina mama. Kila mmoja alileta alicho nacho.

Matofali waliyafyatua wenyewe, yale yanayofungamana bila saruji nyingi. Fedha za kujengea zilikuwa mkopo, si sadaka, na nyumba ilijengwa kidogo kidogo.

Sitawaficha shida yake. Chamazi ni mbali na bandari, na wengi walikuwa wakila kwa vibarua na biashara ndogo za huko walikotoka. Nauli ikala faida, na mkopo ukachelewa kurudi. Kwa hiyo anayetafuta shamba la bei nafuu nje ya Mwanza na ahesabu nauli ya kuja Igoma kila siku kabla hajafurahia bei. Tena aende kwanza kwa mtendaji na kwa maafisa ardhi wa Jiji, aulize kama mahali hapo pamepangwa kwa makazi, kabla mbuzi hawajauzwa.

Mama yule nilimwandikia barua aliyoitaka. Atarudi mwezi ujao. Nimemwomba aje na mwanawe, na mwanawe awalete wapangaji wenzake wa ua ule. Daftari tupu ninalo.