Kwa nini nitakataa nyaya za kuchomoa

Wiki hii sisi wanafunzi sita tunaopanga nyumba moja tunachangia fedha za kununua kompyuta ya mezani ya pamoja. Tumekwisha kukubaliana juu ya karibu kila kitu. Kilichotugawa ni kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuusambaza ndani ya mashine. Hapa Lubumbashi tunakiita alimantasio, jina tulilolichukua katika Kifaransa. Wenzangu watatu wanataka ile ambayo nyaya zake zote huchomolewa, ukatumia zile unazozihitaji na nyingine ukazihifadhi. Wawili hawajali. Mimi nataka ile ambayo nyaya zake zimeungwa ndani ya kisanduku moja kwa moja, wala hazichomoki.

Najua wasomaji wengi wa jarida hili watasema kwamba hayo ni mambo ya wenzetu wa Politekinika. Nami nilisema hivyo, mpaka mwaka jana nilipopoteza rekodi zenye urefu wa saa 14 kwa sababu ya waya mmoja.

Kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo nilikuwa nimerekodi mazungumzo ya akina mama wauzaji katika soko la komini ya Kenya: namna wanavyotaja bei, wanavyombembeleza mteja, wanavyoondoka katika Kiswahili wakaingia Kibemba na kurudi. Sauti hizo zilikuwa kwenye diski ndani ya kompyuta tuliyokuwa nayo wakati huo. Alimantasio yake, ya kuchomoa, ilikufa usiku mmoja umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Tukapata nyingine iliyokwisha kutumika, ya kuchomoa pia, ila muuzaji hakuwa na waya wa diski. Nikakumbuka kwamba waya wa ile ya zamani ulikuwa bado kwenye katoni. Nikauchukua, nikauchomeka. Uliingia bila taabu yoyote. Nilipowasha, mashine haikuamka, na diski ikatoa harufu ya kuungua.

Fundi wa mtaani kwetu aliitazama kwa muda mfupi tu.

— Mudogo, hii waya ulitosha wapi?

— Mu katoni ya ile alimantasio ya zamani, yaya. Iliingia muzuri.

— Kuingia iliingia. Lakini haiko yake.

Maelezo yake niliyafuatilia baadaye, na ni kweli. Kipimo kiitwacho ATX, kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, kimeweka utaratibu wa alimantasio za kompyuta za mezani, na ncha zinazoingia kwenye kadi kuu zina umbo linalojulikana. Ncha inayoingia kwenye diski nayo ina kipimo chake. Lakini ncha ya upande wa pili, ile inayochomekwa kwenye kisanduku chenyewe, haina sheria ya pamoja. Kila mtengenezaji hupanga njia za umeme apendavyo, na pengine hata aina mbili za mtengenezaji mmoja hazifanani. Matundu yanaweza kulingana kwa umbo, na umeme unaopita humo ukawa tofauti. Pale diski inapongojea volti 5, waya usio wake unaweza kuipelekea volti 12. Hapo kadi ya diski huungua.

Kwetu sisi watu wa lugha jambo hili si geni. Lisikilizeni neno alilolitumia fundi. Kwetu Lubumbashi, kutosha ni kutoa. Kwa mtu wa Dar es Salaam, kutosha ni kufikia kiasi kinachohitajika. Umbo ni lile lile, na anayelichukua bila kuuliza limetoka katika Kiswahili kipi atapotea. Tofauti ni kwamba neno ukilikosea unasahihishwa, lakini diski ukiikosea haikupi nafasi ya pili.

Sababu yangu ya kwanza, basi, ni hii: mashine inayotumiwa na watu sita, katika mji ambamo vipuri vingi vimekwisha kupita mikononi mwa wengine, haifai kuwa na sehemu inayoweza kupotea na kubadilishwa na inayofanana nayo. Waya usiochomoka hauwezi kuwa wa alimantasio nyingine.

Sababu ya pili ni fedha. Kati ya zile mbili tulizoonyeshwa, ya kuchomoa inazidi kwa dola 20. Zaidi ya hayo, nyingi za kuchomoa hutengenezwa kwa mashine zenye nguvu, za watu wa michezo na picha. Kompyuta ya kuandikia, kusikilizia sauti na kusomea, isiyo na kadi kubwa ya picha, kwa kawaida haifiki wati 150. Kwa nini tulipie wati 650?

Tena kinachoua mashine zetu ni umeme wenyewe: unashuka jioni, unakatika, kisha unarudi kwa kishindo. Nyaya za kuchomoa hazisaidii kitu hapo. Alimantasio nzuri, ya aina yoyote ile, umeme ukikatika huishikilia kompyuta kwa muda wa kama milisekunde 16 tu, chini ya kufumba na kufumbua. Kwa hiyo zile dola 20 heri tuzitie kwenye stabilizateri, au tuanze kuzikusanya kwa ajili ya ondilere yenye betri. Na tukichagua kisanduku, tusome karatasi iliyobandikwa ubavuni: kinapokea volti 100 hadi 240 chenyewe, au kina kile kiswichi cha kuhamisha kati ya 115 na 230? Mimi nachagua cha kwanza. Alama ya 80 PLUS nayo tuielewe vizuri. Inatuambia ni sehemu gani ya umeme haipotei kwa joto. Haisemi lolote kuhusu nyaya.

Nawatendea haki wenzangu: hoja zao zina uzito. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu huingia kila mahali, na kisanduku cha kuchomoa hutolewa na kusafishwa bila kufungua kila waya. Ndani ya mashine panakuwa pasafi, na hewa inapita vizuri kidogo. Waya mmoja ukikatika, unabadilisha huo tu. Lakini lazima uwe wa aina ile ile, nami nimezunguka madukani mjini nikiutafuta bila kuupata. Mmoja wetu amependekeza ile ya katikati, ambayo nyaya kubwa zimeungwa na nyingine huchomolewa. Ni pendekezo la busara, ila waya wa diski ni mmoja wa zile zinazochomolewa, na huo ndio ulioniponza.

Mwenye mashine yake peke yake, anayeifunga chumbani na kuandika jina kwenye kila waya, anunue ya kuchomoa kwa amani. Nami namwomba ashike kanuni moja: alimantasio ikifa, nyaya zake zizikwe nayo. Zisibaki kwenye katoni.

Mhadhiri wangu aliponisikiliza aliuliza swali moja: nakala ya pili ilikuwa wapi? Sikuwa na jibu, na kosa hilo ni langu. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu, na mpaka leo tunaisoma kwa sababu ilikuwa kwenye karatasi. Sisi tunakusanya sauti, na sauti hukaa ndani ya vitu vinavyoungua. Anayefanya kazi yetu hawezi kumwachia fundi peke yake swali la umeme unavyoifikia diski.

Nimerudi sokoni kurekodi upya. Akina mama walinicheka, kisha wakakubali. Mmoja wao sikumkuta: ameacha biashara na kurudi kwao Kasenga. Yeye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote wa kumbembeleza mteja, na sauti yake sina tena. Jumamosi tunapiga kura nyumbani. Ile diski iliyoungua nitaiweka mezani kabla hatujaanza kuhesabu.