Nani Atanunua Rolex Makambako?

NJIA PANDA, na Mwinuka wa Makambako

Bei halisi ya kitu hujulikana siku mwenyewe anapokwama Makambako bila nauli ya Songea. Akiwa na pikipiki ya Boxer, haifiki saa sita mchana kabla hajapata wateja watatu na dalali ambaye hakumwita. Akiwa na simu, muuza simu za mtumba ataigeuzageuza, atakagua kioo na betri, kisha atataja bei papo hapo. Lakini avue mkononi saa ya Rolex, halisi, iliyonunuliwa dukani kwa dola elfu nane, aone. Ataulizwa kama aliitoa Kariakoo, na mwenye huruma atampa elfu ishirini ili asikose basi.

Hilo lisemwe mapema, kwa sababu hoja ya kwamba saa ya kifahari ni uwekezaji imeshapanda mlima hadi Njombe. Fedha ya mbao na ya parachichi imewafikia vijana ambao baba zao waliridhika na Seiko 5, na simu zao zimejaa video za watu wanaoapa kwamba Rolex haishuki bei. Maneno hayo yana ukweli wa nusu. Nusu ya pili inamhusu mtu ambaye video hazimwonyeshi: mnunuzi wa pili.

Ukweli wenyewe upo, tena una miguu Tanzania. Kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyoyabatiza mawe ya Mererani jina la tanzanaiti mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya kugunduliwa. Desemba 2021 kampuni hiyohiyo ilishirikiana na Patek Philippe ya Uswisi kutoa saa 170 za Nautilus zenye uso wa rangi ya Tiffany, ile buluu inayokaribia kijani. Bei ya dukani ilikuwa dola elfu hamsini na kidogo. Moja ilipelekwa kwenye mnada wa Phillips mjini New York, fedha zake zikiwa za hisani, ikanunuliwa kwa dola milioni 6.5. Nautilus ya kawaida, toleo la 5711, ambayo dukani haikufika dola 36,000, nayo ikawa inauzwa mkono kwa mkono kwa zaidi ya dola 100,000. Mtu angewezaje kutoamini?

Kisha ukaja mwaka 2022. Riba zikapanda Marekani na Ulaya, sarafu za mtandaoni zikaporomoka, na wale waliokuwa wakinunua saa kwa faida ya sarafu hizo wakaanza kuziuza wote kwa pamoja. Kuanzia mwaka huo bei za saa zilizotumika zilishuka kwa kiasi kikubwa, na aliyenunua Nautilus kileleni alibaki na saa nzuri na deni. Wakulima wa viazi mviringo wa Wanging'ombe hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza jambo hilo.

Kwa kawaida saa ya kifahari inapoteza thamani siku inapotoka dukani, kama gari jipya. Majina makubwa mengi yanaangukia hapo: saa inanunuliwa kwa fedha nyingi, na mwaka unaofuata mwenyewe anashangaa anavyotajiwa pungufu. Zinazoshika bei ni chache, na hata ndani ya kampuni moja si zote. Rolex ya chuma ya kuogelea, ile Submariner iliyoanza kuuzwa miaka ya 1950, inashika kuliko Rolex nyingine nyingi za dhahabu na vito ambazo dukani zina bei kubwa zaidi. Patek Philippe na Audemars Piguet wana matoleo yao machache ya namna hiyo. Sababu si uimara wa mashine peke yake, kwani Casio ya plastiki ya elfu kumi na tano inakwenda sawa na majira kuliko zote hizo. Sababu ni kwamba kampuni zinatoa saa pungufu ya wanaozitaka, mteja anawekwa kwenye foleni ya miezi au miaka, na asiyetaka kusubiri anamlipa zaidi yule aliyekwishapata. Rolex inaweza kumudu ubahili huo: inamilikiwa na taasisi iliyoachwa na mwanzilishi wake, Hans Wilsdorf, wala haina wanahisa wa soko la mitaji wanaodai mauzo ya haraka. (Ukivuka kwenda Uganda tahadhari: huko ukiagiza rolex utaletewa chapati iliyoviringishwa na mayai, na thamani yake inaisha ikipoa.)

Mfano mzuri kuliko wa New York unatoka Oman, kwa ukoo uleule wa Busaidi uliotawala Zanzibar. Sultan Qaboos, aliyeshika kiti mwaka 1970 na kufariki Januari 2020, alikuwa akiagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni na kuwatunuku watu waliomtumikia, wakiwamo maofisa wa Kiingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Waliopewa wengi walizivaa kazini kama saa nyingine yoyote, zikagonga milango ya magari ya kijeshi na kuchubuka. Leo Rolex yenye jambia inauzwa kwenye minada ya Geneva na London kwa bei iliyo mbali juu ya pacha wake asiye na nembo. Chuma ni kilekile, mashine ni ileile. Kinacholipiwa ni kisa, na kisa chenyewe lazima kithibitishwe: barua ya zawadi, namba ya saa inayolingana na kumbukumbu, uso ambao haujabadilishwa. Jambia lililochorwa baadaye na fundi mjanja linaishusha saa badala ya kuipandisha.

Hata saa inaposemwa imepanda, hesabu ya shilingi nayo huwazuga watu. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Mwaka 2010 ilikuwa karibu 1,400. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Chukua saa iliyonunuliwa mwaka 2010 kwa dola 5,000, yaani shilingi milioni saba, ikauzwa mwaka 2024 kwa dola zilezile 5,000. Mwenyewe atahesabu milioni kumi na tatu na kuwaita jamaa zake washerehekee, wakati saa haijapanda hata senti moja, na dola zenyewe zinanunua vichache kuliko zamani. Anayesema saa yake imeongezeka thamani aulizwe kwanza kwa fedha ya wapi.

Turudi kwenye Boxer. Inashika bei Makambako kwa sababu spea zake zipo kila duka, fundi yupo chini ya kila mwembe na kila mparachichi, na kadi inahamishwa jina bila mtu kwenda Geneva. Toyota ni hivyohivyo: Noah iliyochoka inapata mnunuzi anayejua kabisa imechoka wapi. Kwa Rolex hali ni kinyume. Fundi saa wa stendi anabadilisha betri na mkanda vizuri sana, lakini Rolex ya leo haina betri, inajijaza kwa mtikisiko wa mkono, na kampuni haiuzi vipuri vyake kwa kila anayevitaka. Akiifungua kwa bisibisi isiyo yake, au akiisugua ing'ae ili imfurahishe mteja, amekata bei. Wakusanyaji wa saa hupenda chuma ambacho hakijasuguliwa. Mikwaruzo ya kweli ina thamani kuliko mng'aro.

Ajabu ni kwamba watu wa Njombe wana uzoefu mrefu wa mali inayokaa miaka mingi kabla ya kuuzwa. Kampuni ya miwati, TANWAT, ilianza mwaka 1949, na mpango wa Panda Miti Kibiashara wa Tanzania na Finland ukaongeza ari kuanzia mwaka 2014. Familia nyingi zinaweka akiba kwenye paini kuliko benki. Paini ina jambo ambalo saa haina, inanenepa wakati mwenyewe amelala. Hata hivyo, ada ya shule au ugonjwa ukibisha hodi mti ukiwa na miaka minane, mwenye shamba anauuza ukiwa mchanga kwa bei ya kutupwa, na mwenye subira na fedha ndiye anayekuja kuvuna mbao. Saa ina kanuni hiyohiyo na ukali zaidi. Anayeweza kusubiri mnada mzuri anapata bei. Mwenye shida ya leo anapata elfu ishirini.

Je, basi, mfanyabiashara wa Kikinga aliyetoka Kariakoo na faida yake asivae Rolex? Avae, fedha ni zake. Safu hii ina shaka moja tu ya kijiografia: Juni na Julai baridi ya Njombe inamvika kila mtu sweta na koti juu yake, na saa ya milioni ishirini inashinda mwezi mzima ndani ya mkono wa koti bila kuonwa na mtu. Ila aiandike kwenye hesabu zake kama matumizi, pamoja na nguo na harusi, asiiweke pamoja na shamba. Akishaingiza saa kutoka nje, ushuru na VAT ya asilimia 18 vinaifanya ianze safari ikiwa tayari na bei ambayo mnunuzi wa Dubai hatairudisha.

Na kama ameshanunua, kuna kazi ya jioni moja. Kadi ya dhamana, risiti ya duka, karatasi ya ushuru, boksi na hata vipande vya mkanda vilivyotolewa ili umtoshe mkono viwekwe pamoja na hati ya shamba. Desemba 2022 Rolex yenyewe ilianza kuthibitisha saa zake zilizotumika kupitia mawakala wake, na tangu hapo mnunuzi wa maana anaulizia uthibitisho kabla ya kuulizia bei. Kisha mke, mume au mtoto mmoja aambiwe ni saa gani na ilinunuliwa wapi. Msimamizi wa mirathi anapoorodhesha mali ya marehemu mbele ya mahakama ya mwanzo, ataandika ng'ombe kwa idadi na miti kwa ekari, na akifika kwenye kabati, asipoelezwa, ataandika "saa ya mkono, moja", nayo itakwenda kwa mjukuu wa kwanza aliyeiomba aende nayo shule.