Kurudi Rujewa kwenye shamba la baba

Filamu za aina hii huishia getini. Kijana amerudi kwenye jumba na mashamba aliyoachiwa, mpenzi wake kamfuata, wanashikana mikono, muziki unapanda. Nani atawalipa vibarua, haulizwi mtu.

Rujewa, makao makuu ya Mbarali, swali hilo linakuja msimu wa kwanza tu. Chukua mfano wa kawaida. Mzee amefariki, kaacha nyumba ya matofali ya kuchoma na ekari tatu za majaruba. Mume anamwambia mkewe, "Mama watoto, twende nyumbani." Mke anafunga genge lake Dar es Salaam. Akiba yake inaishia kwenye mbolea, anawapikia vibarua, anafukuza kwelea kwelea tangu alfajiri. Watoto nao wanauona mfereji kama bwawa la kuogelea, na kwenye maji yenye konokono kichocho hakiko mbali. Miaka kumi baadaye ndoa inavunjika na shemeji anasema: "Hili ni shamba la ukoo, wewe ulikuja na begi."

Shemeji ana haki nusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimpi mke urithi wa mumewe kwa kuolewa tu. Lakini kifungu cha 114 kinaruhusu mahakama kugawa hata mali ya mmoja, ikiwa mwenzake ameiendeleza kwa kiasi kikubwa au wameiendeleza pamoja. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa alionekana ametumia vibaya fedha alizopewa na mumewe. Sehemu hiyo watu huiruka.)

Mume akifariki ni vigumu zaidi. Kanuni za kimila zilizotangazwa 1963 zinamwacha mjane atunzwe na watoto wake. Wosia ulioandikwa mbele ya mashahidi unasaidia kuliko ahadi ya kitandani.

Kwa hiyo kabla ya kukodi lori, mke aulize: mirathi imefungwa? Msimamizi aliteuliwa na mahakama? Fungu la mawifi ni lipi? Kama shamba liko kwenye ardhi ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Na risiti za mbolea zitunzwe, hata kama mume anacheka.