Kipakatalishi cha Nyumbani Kichaguliwe kwa Hesabu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliozinduliwa mwaka 2015 na ambao bado umo katika vipakatalishi vingi vya mtumba, vile ambavyo wauzaji huviita ex-UK. Hakuna mashine iliyozimika siku hiyo. Kesho yake ziliwaka kama kawaida, zikachapa barua na kucheza nyimbo, na wenyewe wengi hawakutambua kuwa kuna lililobadilika. Tangu hapo, kila tundu jipya la usalama linalogunduliwa katika Windows 10 hubaki wazi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kuongezewa muda.

Jambo hili linafaa kusemwa Kiandutu kwa sauti kubwa kuliko linavyosemwa mitaa ya matajiri. Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio jirani na Makongeni kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, wengi hula jasho la kibarua: viwandani, kwenye mjengo, machimboni na katika mashamba ya mananasi. Kipakatalishi hapo hununuliwa kwa zamu ya chama, au kwa masazo ya mkopo wa HELB, na kikishanunuliwa hakina mwenyewe mmoja. Kijana wa chuo anakitaka kwa kazi ya mhadhiri, mdogo wake wa sekondari msingi anakitaka kwa mradi wa shule, mama anataka kuweka hesabu za kibanda chake, na ifikapo Juni baba anakumbuka kuwa KRA inangoja ritani yake kabla ya tarehe 30. Mashine ikichaguliwa vibaya, nyumba nzima huumia, na hakuna pesa za kununua nyingine mwaka unaofuata.

Vijana wana ubishi wao kuhusu mifumo hii. Mmoja ataapa kwa Windows, mwingine kwa Mac ya Apple, wa tatu kwa Linux, na ubishi wenyewe huendeshwa kama ule wa mashabiki wa Gor Mahia na Ingwe: kila mtu alishachagua upande kabla mpira haujapigwa. Una utamu wake. Haumsaidii hata kidogo mama anayetoa pesa. Yeye na aulize mambo matatu: mashine hii italindwa hadi mwaka gani, ikiharibika ni nani hapa Thika atakayeitengeneza, na je, kazi za nyumba yake zitaendeka juu yake?

Kwa Windows, swali la kwanza ndilo gumu. Windows 11 haikubali kila mashine. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua gigabaiti 4, na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana. Kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017, lakini bidhaa za ex-UK zilizojaa sokoni mara nyingi ni kongwe kuliko hapo. HP EliteBook 840 G3, kipenzi cha wanafunzi wengi, ina prosesa ya kizazi cha sita. G4 ni cha saba. Kwenye G5 ndipo cha nane kinapoanza kuonekana, kama ilivyo kwa ThinkPad T480 ya Lenovo na Latitude 7490 ya Dell. Hata hapo mnunuzi asitegemee jina la modeli peke yake. Na aiwashe mashine, afungue ukurasa wa mipangilio unaoonyesha maelezo ya kompyuta, asome namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Ikiwa i5-6300U, hiyo ni ya sita, na maneno matamu ya muuzaji hayataigeuza kuwa ya nane. Ikiwa i5-10210U, ni ya kumi.

Kuna hila moja ya kuangaliwa. Fundi mwenye ujuzi anaweza kuruka vizuizi vya Microsoft na kuiweka Windows 11 kwenye G3, nayo ikawaka vizuri na kung'aa. Mnunuzi akiona nembo ya Windows 11 hulipa bei ya juu. Lakini Microsoft yenyewe imesema kuwa mashine isiyotimiza masharti haina hakika ya kuendelea kupata masasisho. Rahisi ghali, walisema wa kale, na hapa urahisi wenyewe hata haupo, kwani mnunuzi amelipia kitu ambacho hakuahidiwa na aliyekitengeneza.

Hila ya pili ni ya laiseni. Vipakatalishi vingi vya kiofisi vilitoka kiwandani vikiwa na ufunguo wa Windows uliohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Mfumo ukiwekwa upya, ukaunganishwa na intaneti, hujithibitisha wenyewe bila malipo. Basi anayedai pesa za "kuactivate" mashine ya namna hiyo na aombwe aeleze analipwa kwa kazi gani. Vibaya zaidi ni zile programu za kuvunjia kufuli za Windows na Office zinazopitishwa mkono kwa mkono katika flashi. Ni mojawapo ya njia kuu za virusi kuingia nyumbani, na mwenye kuziweka ndiye huviambia viingie, kwa kuwa sharti la kwanza la programu hizo huwa ni kuzima ulinzi.

Pamoja na hayo yote, Windows ina hoja ambayo haipingiki: watu wanaijua. Vyuo vidogo vinavyofunza pakeji za kompyuta, kuanzia Makongeni hadi Ruiru, hufundisha Word, Excel na Access. Anayesomea uhasibu atakutana na QuickBooks ya Windows. Anayesomea ujenzi atadaiwa AutoCAD, ambayo haina toleo la Linux. Na fundi wa kubadilisha kibodi au betri ya EliteBook hatafutwi mbali, kwa sababu spea zimejaa sokoni kutokana na wingi wa mashine zenyewe. Jambo hilo la spea husahauliwa na wanaosoma sifa za mashine kwenye mtandao. Lina uzito kuliko sifa hizo zote.

Mac haitachukua nafasi kubwa hapa. Ni mashine nzuri, na chipu ya M1 iliyotoka Novemba 2020 iliwaduwaza hata wapinzani wa Apple kwa jinsi inavyotunza betri. Lakini MacBook Air ya mwaka 2025 ilitangazwa Marekani kwa dola 999, karibu shilingi 129,000, kabla ya ushuru na faida ya muuzaji. RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, haiongezwi. Mtumba wa bei nafuu nao una kasoro yake: MacBook Air ya mwaka 2017 iliishia kwenye toleo la Monterey, ambalo Apple imeshaliacha, na kampuni hiyo imetangaza kuwa macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho litakalokubali Mac yoyote yenye prosesa ya Intel. Anayepiga na kuhariri video kwa malipo ana sababu ya kujibana aipate yenye M1. Familia inayotaka kuchapa na kusoma haina.

Chromebook, ambazo Google ilianza kuziuza kupitia washirika wake mwaka 2011, huvutia kwa bei. Ni nyepesi, hazisumbuliwi sana na virusi, na mtoto wa shule huzimudu upesi. Mwaka 2023 Google iliahidi miaka 10 ya masasisho, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu jukwaa la modeli hiyo lilipotolewa, si tangu siku ambayo mama wa Kiandutu alilipa. Tarehe ya mwisho husomeka katika mipangilio ya mashine. Na isomwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Tena nyingi za mtumba zilikuwa mali ya shule za ng'ambo. Shule isipoifuta mashine katika orodha yake, itadai akaunti ya shule hiyo kila inapowashwa, na hakuna fundi wa Thika atakayeifungua kihalali. Basi muuzaji na aiwashe, aifute, kisha mnunuzi aingie kwa akaunti yake mwenyewe papo hapo dukani. Kipimo hicho kinafaa pia kwa Mac, ambayo huweza kufungwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani.

Inabaki Linux, na hapa pana mengi yasiyojulikana. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Kifini. Ubuntu, toleo lililouleta majumbani, lilizinduliwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa sababu msimbo wake, kama ule wa Linux, ulikuwa wazi kwa yeyote. Anayeiita Linux kitu cha Wazungu wachache hajaitazama historia ya karibu naye. Kwa matumizi ya nyumbani linalofaa zaidi ni Linux Mint, kwa kuwa sura yake inafanana na Windows ya zamani. Toleo la 22 limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029, huendeshwa na RAM ya gigabaiti 2 ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa, na huja na Firefox pamoja na LibreOffice ndani yake. Halilipiwi hata shilingi. Ile EliteBook G3 iliyokataliwa na Windows 11 hulibeba bila kuhema.

Kwa kazi za serikali halina kikwazo kikubwa. eCitizen hufunguka katika kivinjari chochote cha kisasa, na iTax kwa miaka mingi imetoa fomu ya ritani ya Excel pamoja na nyingine ya ODS inayofunguka kwa LibreOffice.

Lakini mwenye kusifu na asifu kwa kiasi. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha kompyuta karibu 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurejea Windows. Siasa ilikuwemo, na malalamiko ya watumishi kuhusu programu na nyaraka zisizopatana nayo yalikuwemo. Ikiwa mji wenye wahandisi wake uliyumba, basi nyumba ya Kiandutu isihamie Linux bila kumjua angalau mtu mmoja wa kuulizwa. Mtu huyo hayuko mbali: JKUAT iko Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika penyewe, na wanafunzi wa kompyuta wa vyuo hivyo wanapanga vyumba katika mitaa hiihii. Na kwa bahati, Mint hujaribiwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Familia na iitumie hivyo jioni kadhaa kabla ya kuamua.

Gharama mbili hazionekani dukani. Ya kwanza ni bando. Windows hupakua masasisho yenyewe, na yale makubwa ya kila mwaka hufikia gigabaiti kadhaa. Anayetumia hotispoti ya simu huamka akakuta bando la wiki limekwisha. Mipangilio ya mtandao ina sehemu ya kuiambia Windows kuwa laini hii hulipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza ulafi. Mint huomba ruhusa kwanza. Ya pili ni stima. Karibu taifa zima lilibaki gizani tarehe 25 Agosti 2023, na mitaani umeme hupotea bila kungoja tukio la kitaifa. Ndiyo maana kompyuta ya mezani, ingawa ni nafuu, haifai sana hapa: stima ikipotea, kazi isiyohifadhiwa huenda nayo. Na betri ya kipakatalishi cha mtumba na ijaribiwe dukani bila chaja kwa muda wa kutosha, sio dakika mbili za muuzaji.

Wako pia wasiohitaji kununua chochote. Nyumba ambayo kazi yake ya kompyuta ni CV moja na ritani moja kwa mwaka itahudumiwa vyema na saiba ya jirani na simu ya Android iliyopo.

Kwa anayenunua leo, uamuzi ni huu: mtumba wa kiofisi wenye prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, RAM ya gigabaiti 8, diski ya SSD, na Windows 11. Mwenye mashine ya zamani asiiuze kwa bei ya kutupa. Ikiwa Windows 10 ni lazima kwa masomo, na ajiandikishe kwa muda wa nyongeza unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Ni bure kwa anayekubali mipangilio yake ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft, la sivyo ni dola 30, takriban shilingi 3,900. Ikiwa si lazima, na anakili faili zake zote kwenye diski ya pembeni, amwite mwanafunzi mmoja wa Juja, waiweke Linux Mint Jumamosi moja.