Mizani ya Miaka ya Mgonjwa

Wako wataalamu wa tiba washikao kauli moja: kwamba jaribio la dawa lina swali moja tu, nalo ni nani aliyesalimika na nani aliyekufa. Mengine, wasema, ni maneno ya faraja yasiyopimika. Kauli hiyo ina sura ya elimu, lakini imewagharimu wagonjwa wengi.

Historia yake ni ndefu. Ripoti ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba katika miezi sita walikufa wagonjwa 4 kati ya 55 waliotiwa streptomisini, na 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Ushindi ulikuwa wa kweli. Lakini dawa za jamii hiyo huharibu sikio la ndani, na madhara hayo yaliandikwa pembeni mwa hesabu, si ndani yake. Mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, iliyo magharibi ya Kilimanjaro mkabala na Mlima Meru, ilianza kutibu kifua kikuu sugu. Wakati huo sindano za jamii ile ile, kanamisini na amikasini, zilikuwa bado nguzo ya matibabu duniani. Hata mwaka 2018 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoacha kuipendekeza kanamisini.

Na atazamwe mchuuzi wa soko la Kilombero, mjini Arusha, ambaye mtaji wake ni sikio na ulimi. Akipona kifua akawa kiziwi, daftari la jaribio humwandika sawasawa na aliyepona akisikia. Je, hiyo ni haki?

Iliyo haki ni kuupa kila muda wa maisha uzito wake: afya kamili 1, mauti 0. Mwaka wa uziwi ukipewa 0.7, miaka kumi yake huhesabiwa saba. Lakini nani atoe uzito huo? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Majibu ya Waingereza waliohojiwa mwaka 1993 yametumika sana ulimwenguni, wala hayawezi kumsemea mkulima wa kahawa wa Tengeru. Aulizwe mwenyewe: miaka kumi ya uziwi angekubali kuibadili kwa mingapi ya kusikia?

Wapinzani wana hoja moja nzito: wagonjwa hupotea njiani, na jaribio hufungwa wengine wangali hai, hivyo hesabu hii hukosewa. Ni kweli hukosewa, na mwenye pupa. Akizidisha kwanza muda wa kila mtu kwa uzito wake, kisha akauingiza katika hesabu ya kawaida ya kusalimika, mwenye afya duni, ambaye kikapu chake hujaa polepole, huondolewa akiwa na kidogo; wenye afya njema hubaki wakiwasemea wote, na dawa hupata sifa isiyo yake. Richard Gelber na wenzake walionyesha njia mwaka 1989: upimwe kwanza wastani wa muda uliokaliwa katika kila hali, hadi kikomo kilichowekwa mapema, kisha ndipo uzito utiwe.

Basi kisingizio kimekwisha. Masikio yapimwe kabla ya sindano ya kwanza na kila mwezi baadaye. Kikomo, uzito na idadi ya wagonjwa viandikwe kabla mgonjwa yeyote hajaingia. Jaribio lisilofanya hivyo halijashindwa kuuona uziwi; limeamua kutoutazama.